Ortansia Zangu za Kasindi

Mwanangu, unaniambia unataka kupanda maua mbele ya nyumba yako mpya ya Kasindi, nami nafurahi. Lakini kabla hujachagua, kaa hapa kidogo. Kuna asubuhi moja ya mji huo ambayo hata leo nikiikumbuka nainamisha uso.

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa bibi arusi, nimetoka Butembo kwenye baridi na mvua, nikaolewa kule bondeni ambako jua linachoma tangu asubuhi na udongo ni mchanga mtupu. Nilibeba ortansia kutoka kwa mama yangu, yale maua ya buluu yenye vichwa vikubwa, nikazipanda mlangoni. Nilitaka wapitao waone kwamba hapa anakaa mtu wa Butembo.

Jirani yangu Mama Masika, mjane wa makamo, alikuja kuzitazama. Kwake bugenvilia ilifunika ukuta, na mishubiri ilitoa maua mekundu hata wakati wa jua kali.

“Kahindo, haya maua yako iko na kiu mingi,” akaniambia. “Huku maji tunabeba ku kichwa. Kuja nikukatie bugenvilia na mushubiri.”

Nilimshukuru kwa mdomo tu. Moyoni nilisema, mshubiri ni dawa ya tumbo, si ua la bibi arusi.

Basi risasi zikaanza upande wa Beni. Askari wakafunga njia ya mtoni, tukabaki na maji tuliyokuwa tumechota. Asubuhi ya tatu ortansia zikalegea, vichwa vikalala chini. Nikajiambia njia itafunguliwa jioni. Nikachukua bidoni ya mwisho ya maji, nikazimwagia yote.

Sijaiweka bidoni chini, mwanamke akasimama mbele yangu. Alikuwa ametembea kutoka Beni, mtoto mgongoni, na midomo ya yule mtoto ilikuwa imepasuka.

“Mama, nisaidie maji ya mutoto.”

“Maji imeisha, mama. Pardon.”

Sikusema uongo, na hilo ndilo lililonichoma. Alitazama bidoni mkononi mwangu, bado inadondosha maji. Akatazama penye shina la ortansia, ambapo maji yalikuwa yametuama. Akapiga magoti, akachovya ncha ya kitenge chake katika lile tope, akamkamulia mtoto mdomoni. Mtoto akanyonya, pamoja na mchanga wake. Kisha mama akainuka.

“Aksanti, mama,” akaniambia.

Angenitukana, ningejitetea.

Mama Masika alikuwa ameona. Akaja na kopo la maji yake, akamnywesha mtoto, akamnywesha na mama. Walipoondoka kuelekea mpakani, alinigeukia.

“Hapana nakukataza maua,” akasema polepole. “Hata miye napenda maua. Lakini uangalie kwanza inakunywa maji ya nani.”

Sikumuuliza yule mwanamke jina. Sijui kama mtoto alivuka salama. Siku nyingi nilitokea mlango wa nyuma nisionane na jirani. Ortansia zikakauka zote. Mwishowe nilikwenda kwake, sikuweza kuinua macho. Alichukua kisu, akanikatia vijiti vya bugenvilia, akanionyesha jinsi ya kuvipanda mvua zikianza, kuvipa maji yaliyokwisha kuoshea mboga mpaka vishike mizizi, kisha kuviacha.

Kwa hiyo, mwanangu, usichague ua kwa sababu lilipendeza nyumbani kwa mama yako. Tembea kwa majirani mwezi wa jua kali, utazame ni nini kinachochanua bila mtu kukinywesha, ukaombe kijiti chake. Bugenvilia, mishubiri, vile viua vya majani manene vinavyotambaa chini, vyote vitakupendezea mlango. Ukipenda sana ua lenye kiu, liwe moja, lisubiri maji yaliyooshea vyombo. Maji safi yakae ndani, kwa anayebisha hodi.

Mungu akuletee mvua kwa wakati wake. Ailinde nyumba yako kwa amani ambayo sisi hatukuipata, na akuepushe na asubuhi kama ile yangu.