Madhabahu ya Upande wa Mchanga

Apolonia Drzazga alisema Bwana Yesu haendi kwa watu peku. Aliyasema hayo mbele ya kanisa la Brodzisk, Jumapili, watu wanatoka misa, akamwambia wifi yangu Leokadia usoni, wala hakupunguza sauti. Wakati ule alikuwa bibi harusi mbichi wa muoka mikate, hata aproni yake ilikuwa haijapata doa. Sasa kazeeka, meno mdomoni si yake, na mimi lile neno ninalo kama nilivyolisikia. Watu wananiambia, Stefania, achana nalo. Niachane nalo vipi? Sikulianzisha mimi.

Mji wetu ni mmoja kwenye karatasi tu. Katikati unapita mto Olsza, na bibi yangu alipokuwa msichana ule mto ulikuwa mpaka. Kule Brodzisk alitawala mfalme wa Wajerumani, huku kwetu Piaski mfalme wa Warusi, na Poland yenyewe ukiitafuta kwenye ramani huioni. Darajani palikuwa na kizuizi na askari wa pande mbili wanaombana moto wa kiko. Bibi alikuwa anavuka na chupa za pombe kali chini ya sketi, anatembea polepole kama mjamzito, na miaka yote ile askari hawakushangaa kwamba hazai.

Wafalme waliondoka, kizuizi kikaondolewa, baadaye sana serikali ikatuunganisha tukawa mji mmoja. Lakini kule udongo ni mzito, wanalima bitiruti za sukari, nyumba za matofali zenye mifereji ya mabati. Huku ni mchanga. Mchanga hauzai kitu ila viazi na ile miti yenye gome jeupe kama chokaa. Wazee wetu walikuwa wanakwenda kanisani wamebeba viatu begani, wanavivaa mlangoni, maana viatu vinaisha. Basi Brodzisk wakatupachika jina, peku. Sisi tukawaita Waprusi, yaani Wajerumani, na bado tunawaita.

Tulikuwa na kanisa letu la mbao. Vita vya mwisho Wajerumani wakalichoma. Tangu hapo tunavuka daraja kwenda kusali kwao, na wanatuwekea mabenchi ya nyuma, penye upepo.

Sasa hii sikukuu ya Mwili wa Kristo, mwezi wa sita. Padri anatoka na Sakramenti chini ya kile kitambaa cha nguzo nne, watoto wa kike wanamwaga maua mbele yake, anazunguka mji. Anasimama kwenye madhabahu nne ambazo watu wamezijenga barabarani, na kwenye kila moja anasoma Injili. Pembeni ya kila madhabahu inasimikwa ile miti myeupe, na padri akishapita watu wanavunja vitawi, kila mtu anakwenda kukichomeka darini kwake ili radi isimpige. Nyumba isiyo na kitawi, mwanamke wa nyumba hiyo halali mvua ikinyesha.

Leokadia alichoomba ni hiki tu: kanisa letu limeungua, basi madhabahu moja kati ya zile nne ijengwe Piaski, hatua chache ng'ambo ya daraja. Madhabahu ya nne ndiyo iliyokuwa haina mwenyewe mwaka ule. Na ndipo Apolonia alipojibu alivyojibu, na ile ya nne ikajengwa mbele ya duka lake la mikate, kule kwao chini karibu na daraja. Imekaa hapo tangu siku hiyo kama kaolewa nayo.

Wifi yangu hakulia. Alirudi nyumbani, akang'oa mlango wa ghala la baba yake.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Najenga."

"Nani atakuja?"

"Hilo si kazi yangu, wifi. Shika upande huo."

Tukausimamisha mlango kwenye ncha ya daraja upande wetu, tukautandika shuka jeupe, picha ya Bikira, mishumaa. Maandamano yalishuka mpaka kwa Apolonia, yakasoma Injili, yakageuka, yakarudi kanisani. Tuliona migongo yao. Leokadia akazima mishumaa kwa vidole, akarudisha mlango ghalani.

Mwaka uliofuata akaung'oa tena. Na uliofuata. Aliolewa, akaung'oa. Alizaa Mei, Juni akaung'oa, mtoto mgongoni. Alifiwa na mume wakati wa theluji, na sikukuu ilipofika nikadhani mwaka huu atapumzika. Nikamkuta kashika bisibisi. Wanaume wa Brodzisk walikuwa wanapiga kelele kutoka ng'ambo, "Leokadia, unauza mlango?" Naye anawajibu, "Nauza, lakini kwenu hauingii, mlango huu ni wa watu wenye adabu!"

Visingizio vilikuwepo kila wakati. Enzi za chama cha kikomunisti ilikuwa serikali haitoi kibali cha kuvuka daraja. Serikali ile ikaanguka, kibali hakihitajiki tena, tukaambiwa sasa ni desturi. Apolonia akasema desturi, na padri mpya, kijana mwoga anayeletewa mikate ya bure kila asubuhi, akasema desturi.

Na miti ya kupambia hizo madhabahu zao, unadhani inatoka wapi? Kule bitiruti haina matawi. Kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu, Zenon mtoto wa Apolonia alikuwa anakuja na trekta kukata kwetu, kwenye shamba la mchanga la Leokadia na majirani zake. Anakata, anajaza tela, anavuka. Hata asante hasemi, anapiga honi. Na wifi yangu alikuwa anamwacha, kwa sababu ni ya kanisa.

Mpaka ukaja mwaka mmoja. Tulikuwa tunamenya viazi, akasema tu, kama anayesema chumvi imeisha, "Mwaka huu miti haivuki daraja."

Akavaa kitambaa kichwani, akapita nyumba kwa nyumba. Hakuna mwanamke wa Piaski aliyemkatalia. Hata Jadwiga, ambaye hatusemeshani naye kwa sababu ya kuku, alikubali.

Zenon alikuja na trekta, akatukuta tumekaa kwenye viti vya jikoni katikati ya njia.

"Mama Leokadia, sogeeni nipite."

"Pita. Shoka liache."

"Nitakata nini bila shoka?"

"Ndiyo maana."

"Ni kwa ajili ya Bwana Yesu!"

"Miti ya Bwana Yesu itakuwa pale kwangu, mwanangu. Anayetaka kitawi avuke."

"Basi nakwenda msitu wa serikali."

"Nenda," nikamwambia mimi. "Bwana msitu amezaliwa Piaski. Msalimie."

Aligeuza trekta, ikamzimikia, tukamsaidia kuisukuma. Hatukuwa na haraka ya kuacha kucheka.

Jioni akaja padri kwa baiskeli. Akakaa jikoni kwa Leokadia, akawekewa uji mchachu na soseji, akala kwanza.

"Mama, Injili ni nne, madhabahu ni nne. Siwezi kuongeza ya tano."

"Sijakuomba ya tano, Padri. Nimeomba ya nne isomwe huku."

"Na Mama Drzazga?"

"Yeye kashasomewa vya kutosha. Kama hajasikia mpaka leo, hatasikia."

Padri akaangalia sahani. "Nitafikiria," akasema. Nikajua anafikiria mikate.

Usiku tulisikia wamepambia madhabahu zao matete ya mtaroni. Asubuhi upepo ulipovuma kutoka kule, ukaleta na harufu.

Sisi tulikuwa tumesimika miti mpaka daraja likawa kama lina kichaka mdomoni. Mlango uleule, shuka jipya. Leokadia alisimama kando, mikono mbele. Tukasikia kengele kule juu, wanaimba. Madhabahu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakaanza kushuka. Zenon alikuwa mmoja wa wabeba nguzo za kitambaa, na chini mbele ya duka mama yake amesimama na gauni la samawati, mishumaa inawaka, matete yameshaanza kulala.

Nyuma ya kitambaa alikuwa mke wa Zenon, Halina. Ghala lao, ambalo halikuchomekwa kitawi, lilipigwa radi kiangazi kilichopita, likaungua na ng'ombe ndani. Alipofika karibu na duka akaangalia matete, akaangalia ng'ambo. Akatoka kwenye mstari.

"Halina! Unakwenda wapi?" Apolonia akamwita.

"Kuchukua kitawi, mama."

"Rudi hapa! Injili haijasomwa!"

"Matete hayazuii radi. Ng'ombe wangu hukuwazika wewe!"

Akaingia darajani, kashika watoto wake wawili mikono. Mwanamke mwingine akamfuata. Halafu wale vikongwe wa kikundi cha rozari, wote, na bendera yao. Halafu watoto wa maua, kwa sababu mama zao wamekwenda. Padri akabaki chini ya kitambaa na wanaume wanne na wapiga tarumbeta, amemkumbatia Bwana, watu hana.

Zenon akauliza, na huku kwetu tulimsikia, "Padri, tunakwenda wapi?"

Padri akaangalia madhabahu ya Apolonia. Akaangalia daraja. Kwa mara ya kwanza nikamwona kama mwanaume.

"Mbele," akasema.

Kitambaa kilipita mbele ya duka la mikate bila kusimama. Apolonia alikuwa tayari ameshapiga goti, ikabidi ainuke mwenyewe.

Injili ya nne ilisomwa Piaski. Nilimwangalia wifi yangu, sikuangalia kitabu. Mgongo ulikuwa umenyooka. Padri alipoinua Sakramenti kutubariki, mbwa wa Jadwiga akabweka, hakuna aliyemfukuza.

Watu walipoanza kuvunja matawi ndipo Apolonia akaja. Alivuka daraja peke yake, polepole, ameshika ukingo. Sikuwahi kumwona upande wetu. Akasimama mbele ya Leokadia.

"Leokadia," akasema. "Lile neno nililokuambia zamani..."

"Neno gani?" Leokadia akamuuliza. Alitaka aliseme.

Apolonia akalisema. Lote, mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika. Kisha akasema, "Nilikosea."

Leokadia akavunja tawi, si dogo si kubwa, akampa. "Shikilia vizuri, Mama Zenon, daraja lina upepo."

Yeye alimsamehe. Mimi nilimsogezea njia tu, apite.