Siku Niliyombandika Kogo Sikio Langu

Wacha leo niseme yote, na mkitaka kucheka mcheke, kwa sababu hii aibu nimeibeba peke yangu vya kutosha. Mimi Moraa, mtu mzima na akili zangu, nilichukua sikio langu, hili hapa la kulia lenye kidoa cheusi, nikalibandika kwa kichwa cha mama mzee wa watu, na picha ikafunuliwa mbele ya ukoo mzima, pasta akiwa amesimama.

Wakati huo nilikuwa na miezi minne tu kwa studio ya Mama Wambui, pale Kapsoit. Kabla ya hapo nilikuwa nachuma majani chai, kama mama yangu aliyetoka Kisii akiwa msichana, mpaka mashine zikaletwa shambani na sisi wa mikono tukaambiwa asanteni. Mama Wambui (mkali huyo, lakini moyo wake ni mzuri) akaniambia, "Vidole vyako ni vyepesi, njoo nikufundishe kusafisha picha." Siku ya kwanza alivuta uso wa bibi harusi karibu mpaka shavu likajaa skrini yote, akagusa ngozi safi, akagusa chunusi, na chunusi ikaenda. Ikaenda tu! Nilishika mdomo. Jioni hiyo nilitembea mpaka nyumbani nikiangalia nyuso za watu barabarani na kuzifuta kwa macho, huyu doa, yule kovu, nikijiambia kumbe binadamu anaweza kupewa kazi ya namna hii.

Sasa, kukaja Mwalimu Chebet na mama yake, Kogo Tapsubei. (Kogo ndiyo nyanya kwa Wakipsigis.) Watoto na wajukuu walikuwa wanamfanyia sherehe ya shukrani na walitaka picha moja kubwa, ya kuwekwa ukutani. Kogo akaketi kwa kiti, mgongo wima, hakutabasamu, akaangalia kamera mpaka Mama Wambui mwenyewe akapunguza sauti. Alikuwa na masikio yale ya zamani, yaliyotobolewa na kuvutwa mpaka yakawa kama pete mbili za ngozi zinazoning'inia, ila la kushoto lilikuwa limekatika, vipande viwili vinaning'inia kila kimoja kivyake.

Mama Wambui alikuwa na harusi ya kupiga picha huko Soin, kwa hivyo akaniachia. "Toa vumbi, punguza ule mng'aro wa paji la uso, basi. Uso usiguse."

Nikatoa vumbi. Nikapunguza mng'aro. Halafu, mvua ikinyesha, studio haina mtu, nikaona mkunjo mmoja karibu na mdomo, nikasema huu mmoja tu. Ukaenda. Lakini sasa ule wa pili ukabaki unaonekana vibaya, ni kama nimemwacha nusu, nikautoa, na wa tatu, nikapanda kwa macho, nikapanda kwa paji, na kila nikigusa mama anarudi nyuma miaka kumi, na mimi nikajiona ni kama nimepewa uwezo fulani ambao sikustahili. Mpaka nikafika kwa lile sikio lililokatika. Nikasema woiye, huyu mama aliumizwa, wacha nimsaidie (kwetu wazee hawana masikio hayo, nilijua nini?). Nikajaribu kuunganisha, ikakataa. Ndiyo nikatoa simu, nikapiga sikio langu picha, nikalipaka rangi ifanane na yake, nikambandika. Na kwa vile moja lilikuwa zuri na lingine bado refu, nikaligeuza lile langu, nikaweka na upande wa pili. Halafu nikasave juu ya ile picha ya kwanza. Juu yake kabisa!

Mama Wambui akapiga simu kutoka Soin. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, imetoka safi sana."

"Haya, tuma Kericho wachapishe. Sherehe ni kesho."

Nikatuma. Nililala kama malaika.

Kesho yake tukaenda, tulikuwa tumealikwa wote wawili, tukakaa kwa hema kati ya watu, majani chai mbele yetu yameteremka mpaka mtoni. Pasta akaomba, watu wakaimba, Mwalimu Chebet akavuta leso iliyofunika picha. Makofi yakaanza halafu yakakatika katikati. Hapo mbele kulikuwa na mwanamke mrembo wa kama miaka thelathini na tano, ngozi kama yai, amevaa nguo za Kogo.

Kogo akainuka na fimbo yake, akaenda karibu, akaangalia sana.

"Huyu mama mimi sijui," akasema. "Ni mgeni wa nani?"

Mama Wambui, aliyekaa kando yangu, akaangalia picha, akageuka akaangalia kichwa changu, akarudi kwa picha.

"Moraa," akasema, akidhani anaongea polepole. "Hilo sikio nalijua."

Hema lote likageuka! Watu wa mbele wakasimama ili waone kidoa. Mjomba mmoja akahesabu kwa kidole, kule vidoa viwili, huku kimoja, na kicheko kikalipuka, na mimi nikatamani zile mashine za chai zipite hapo zinichume.

Kogo peke yake hakucheka. Akaniita nikae karibu na miguu yake, akachukua mkono wangu, akauweka kwa sikio lake la kushoto. Lilikuwa laini ajabu.

"Hii ni Kipng'eno alirarua," akasema. "Mtoto yangu ya kwanza. Alikuwa kwa mgongo, mimi nachuma chai, yeye anavuta, anacheka, anavuta. Siku moja ikakatika. Damu ikaingia kwa kikapu, na yeye bado anacheka." Akaukandamiza mkono wangu pale pale. "Surua ikamchukua. Hakuna mtu alipiga yeye picha. Yeye ako hapa tu."

Mwalimu Chebet alikuwa amesimama nyuma yetu, na nilisikia akisema, "Mama, hiyo hujawahi kutuambia." Kicheko kilikuwa kimeisha. Mimi bado nilikuwa nimeshika lile sikio, na nikajua nilikuwa nimemfuta mtoto wa mtu kwa kidole kimoja, mvua ikinyesha, nikifurahi.

Picha ya kwanza haikuweko tena, kwa hivyo wiki iliyofuata Kogo alikuja studio upya, na Mama Wambui akanipa kamera mimi (kugombeza alikuwa ameshagombeza siku tatu mfululizo). Nilitoa vumbi, basi. Nilipovuta uso wake karibu nikakaa tu nikiangalia ile mikunjo, nikijiuliza kila mmoja uliwekwa na nani.

Tangu siku hiyo niliapa sigusi alama ya mtu kabla sijamuuliza. Juzi alikuja kijana mmoja kutoka Chebunyo, anataka picha ya kuomba kazi, nikamuuliza kuhusu kovu la kidevuni. "Hiyo toa," akasema, "ni utoto tu." Nikashika mausi. Akajikuna kidevu.

"Ngoja kwanza," akasema, "nimpigie mama nimuulize."

Akatoka nje na simu, akakaa huko sana, na mimi nikangoja, mikono yangu mapajani.