Shavu la Rukia na Vigelegele vya Mtangawanda

Tulitoka Faza kwa sababu ya shavu. Rukia, binti wa kaka yangu, mwenye miaka kumi na minne, aliota kivimbe chini ya sikio la kushoto, kigumu kama kokwa la kungu, kisichouma wala kuleta homa. Mama yangu akakata shauri kuwa ni matubwitubwi. Kwetu ugonjwa huo dawa yake ni masizi ya chungu: mtoto hupakwa mashavuni, wenzake wakamcheka, ukaisha. Rukia akapakwa, akachekwa, akapakwa tena. Ramadhani ikaingia na kutoka, kivimbe kipo na kinakua.

"Mama, matubwitubwi haya yametia nanga," nikamwambia.

Akanuna. Lakini alfajiri ya safari ya hospitali alimwandikia mjukuu wake kombe, aya za Kurani kwa zafarani sahanini, akaziosha kwa maji, akamnywesha, akasema, "Haya, shikani ndia. Mngu awahifadhi."

Bandarini Mtangawanda tulifika kwa bodaboda, tukapanda boti ya abiria. Mimi mzaliwa wa kisiwa bahari hainipendi, nikatapika hadi Lamu. Rukia, aliyejifunika shavu kwa mtandio, alicheka njia nzima, nami nikaona afadhali anicheke mimi.

Lamu, daktari alimpapasa shavu na shingo, akatwambia twende Mombasa bila kuchelewa. Tukavuka hadi Mokowe, upande wa bara, tukapanda basi.

Mombasa tulipokewa na daktari wa upasuaji, mama mmoja mpole asiyezungusha maneno. Baada ya picha na sindano ya kupima alitukalisha chini. "Huu ni uvimbe wa tezi ya mate. Kwa watoto ni nadra, ndiyo maana hatubahatishi. Unaonekana si saratani, lakini lazima utoke. Shida ni kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita katikati ya tezi hiyo."

"Ukiguswa?" nikauliza.

"Upande huo wa mdomo unaweza kulegea."

Rukia akainua kichwa. "Daktari, nitaweza kupiga vigelegele?"

Nieleze hapa kwamba Faza nzima hakuna koo kama la Rukia. Bwana harusi haingii ndani mpaka yeye apige. Daktari hakucheka. "Siwezi kukuahidi. Nitautafuta mshipa kwanza, ndipo niushike uvimbe."

Siku ya upasuaji nilisoma Yasini mpaka nikachanganya aya. Alipozinduka, daktari akamwamuru: fumba macho, vimbisha mashavu, cheka. Macho aliyafumba, lakini pembe ya kushoto ya mdomo ilibaki nyuma. Niliogopa, sifichi.

"Mshipa ni mzima," daktari akasema. "Umechoka tu. Mpeni muda, na vigelegele visubiri."

Tukakaa kwa binamu yangu Mombasa. Rukia akahamia kwenye kioo, akikunja na kukunjua uso kutwa, na kila wiki mdomo ukanyooka kidogo. Majibu ya maabara yakaja: si saratani, alhamdulillahi, ila arudi kuangaliwa, maana uvimbe huo huweza kuota tena. Alipoambiwa sasa ruhusa, hakujaribu. Alisema atapiga nyumbani.

Safari ya kurudi nilitapika vilevile. Gatini Mtangawanda mama yangu alikuwa amesimama na wanawake wa mtaani, nao wakatupokea kwa vigelegele, kama anavyopokewa yeyote aliyetoka hospitali. Mama akawanyamazisha kwa mkono.

"Ndoo, mwanangu," akamwita Rukia karibu. Akamshika uso kwa viganja viwili, akaupima. "Mato sawa. Mdomo sawa. Haya, teka."

Rukia hakucheka kama alivyoambiwa. Alivuta pumzi, akapiga. Cha kwanza kilikatika. Cha pili kikatoka kizima, kirefu, mpaka nahodha akaacha kufunga kamba. Nikalia pale pale, mizigo begani.

Siku hizi mtoto akivimba shavu mama bado humpaka masizi, hilo halimtoki. Lakini humpaka mara moja tu. Shavu lisiposhuka, hunijia mlangoni: "Vaa buibui. Na ubebe mfuko wa kutapikia."