Povu la Koplo

Wandera aliingia Kampala kutoka Busia ya Kenya miaka miwili baada ya vita, akitafuta kazi ya reli, akapata nguruwe. Reli ilikuwa inapunguza watu. Nguruwe ndiyo kwanza walikuwa wanaongezeka. Nyuma ya kila jiko la mtaa wa Nsambya palikuwa na jike moja au mawili, na hakuna aliyetaka gharama ya kulisha dume. Wandera akalisha dume. Jike liliposhika joto, mwenye jike alituma ujumbe, naye Wandera akamfunga dume kamba mguuni na kumsindikiza vichochoroni, polepole, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Ujira wake ulikuwa mtoto mmoja wa nguruwe, wa kuchagua mwenyewe.

Dume wa tatu alimwita Jenerali, mpaka jirani yake askari alipomshauri kwa upole amshushe cheo. Tangu hapo akawa Koplo.

Kwa miaka kumi na tisa Wandera alilala akitenganishwa na madume hayo kwa ukuta wa mbao tu. Harufu yao iliingia kwenye koti, kwenye nywele, hata kwenye Biblia. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi siku zote, hata Krismasi. Hakuoa, na watu walidhani hataki. Lakini alikuwapo Nabwire, Mama Filda kwa majirani, mjane aliyechoma nyama juu ya kilima na kufuga majike matatu. Kwa miaka kumi na miwili Wandera alikwenda kwake na neno moyoni, wakaegemea ua wa zizi pamoja, wakazungumzia mvua na bei ya pumba. Kila mara shughuli ya nguruwe ilikwisha kabla neno halijatoka.

Ndipo alipotokea Obonyo, Mkenya mwenzake aliyeuza manukato mjini kutoka kwenye mkoba. Alikuja na kichupa kilichoandikwa "feromoni".

"Mzee, hii inavuta wanawake, inatoka ng'ambo, bei yake inaumiza. Nimesoma asili yake. Ni mate ya nguruwe dume! Na wewe unaacha yamwagike chini!"

Wandera alijua nusu ya habari hiyo. Dume akitafuna hewa, povu humtoka. Jike lenye joto likilinusa husimama tuli, hata ulikalie mgongoni halisogei.

"Lakini hilo ni jike la nguruwe," alisema.

"Na mwanamke hana pua?"

Wakaanza kukinga povu kwa kijiko na kulitia kwenye vichupa vya dawa ya macho. Kabla ya wiki mbili kwisha, wanaume wa Nsambya hadi Kalerwe walikuwa wananuka kama Wandera. Kinyozi mmoja alilalamika kwamba wasichana wanahama anapoketi. Wanaona haya, Obonyo akamfariji, dawa imewagusa. Dereva wa lori alizabwa kofi na mkewe, akarudi mbio kununua kichupa cha pili: mke huyo alikuwa hajamgusa kwa miaka miwili.

Siku moja Obonyo alijikingia kichupa chake mwenyewe. "Na mimi nataka kuoa, mzee. Yule mjane wa kilimani."

Wandera alimshikia Koplo kichwa. Mikono ilifanya kazi; yeye mwenyewe hakuwapo.

Kesho yake Nabwire akatuma ujumbe kwamba jike lina joto. Wandera alipofika na Koplo, alimkuta Obonyo ameketi uani, shingo inang'aa povu. Nyuma yake jike lilikuwa limesimama tuli, pua imebanwa kwenye mbao za zizi, macho kwa Obonyo.

"Bwana Wandera," Nabwire alisema, kisu cha nyama mkononi, "huyu ananiambia dawa imenishika, ila sijijui. Wewe ndiye mwenye povu. Kwa watu linafanya kazi?"

"Mwambie, mzee," Obonyo alidakia. "Mwambie sayansi."

Wandera aliifunga kamba ya Koplo kwenye nguzo ya ua. Akisema ndiyo, atakuwa amemkabidhi Nabwire kwa mkono wake mwenyewe. Akisema hapana, biashara imekufa, na itakufa pia tamaa aliyoificha hata kwa nafsi yake: kwamba labda siku moja harufu ingemsemea.

"Mama Filda," alisema, "hapa kwako nimekuja na povu hili miaka kumi na miwili. Umewahi kusimama tuli?"

Nabwire alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha.

"Kwani ulitaka nisimame?"

"Nilitaka."

"Banange, mzee!" Obonyo alilia. "Si ungesema tu dozi ilikuwa ndogo!"

"Wewe ondoka na vichupa vyako," Nabwire akamwambia, "kabla jike langu halijaruka ua."

Obonyo alipokwisha kutoka, Nabwire aliweka kisu chini.

"Kila ukija hapa ni kwamba nimeita, na niliyemwita ni huyo Koplo. Njoo siku ambayo sijaita. Jumapili. Yeye umwache nyumbani."

Jumapili Wandera alioga mara tatu, akashika njia mikono mitupu. Katika vichochoro vilevile, watu waliomsalimu Koplo miaka yote walimtazama kama mgeni.

"Ssebo, unatafuta nani?" mama mmoja alimuuliza.

"Kwa Nabwire."

Mama akamwonyesha: panda, pinda kushoto kwenye bomba, nyumba ya mabati mekundu. Wandera alimshukuru, akafuata alivyoelekezwa.