Chipu ya Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita fundi wao Nakili Kwanza, maana hakuna mteja aliyekaa kwenye benchi lake asisikie wimbo huo: kabla hujaifuta chipu, nakili kilichomo, kihifadhi, ndipo uandike kipya. Miaka kumi na moja ya ufundi wa kompyuta, hakuwahi kuiruka hatua hiyo. Aliiruka siku alipojiwa na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Kwa miaka sita alihamishia kwenye laptopu madaftari yake ya kazi: kila mtoto aliyempokea, jina la mama, siku na saa. Daftari likiisha kuhamishwa alilichoma, kwa sababu mchwa walikuwa wameshaanza kuyala. Watu wazima wenye mvi bado walimbishia hodi kuuliza walizaliwa lini. Sasa umeme ulikatika laptopu ikijisasisha, betri nayo ilikwisha kufa zamani, na programu ndogo ya kuiwasha, inayokaa ndani ya chipu, ikavurugika. Ukibonyeza, kimya.

Mteja mwingine angeambiwa arudi kesho. Mkwe humwambii hivyo. Aliketi kwenye stuli, mkoba mapajani, macho kwenye bisibisi, na fundi mzima akatokwa jasho kama mtahiniwa. Akaibana chipu kwa kibanio cha kifaa cha kuiandikia. Kikateleza. Akabana tena, kikateleza tena.

"Vipi mwanangu, imeshindikana?"

"Hapana mama, dakika moja tu."

Kiliposhika, hakuthubutu hata kupumua. Akafuta papo hapo, akaandika programu safi aliyopewa na fundi mwenzake mwenye laptopu ya aina hiyo.

Ikawaka! Mama mkwe akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia. "Nilimwambia binti yangu, hapa umepata mume!"

Kioo kikageuka bluu, kikadai tarakimu arobaini na nane za kufungulia diski. Laptopu ilikuwa imejifungia diski yenyewe tangu ilipotoka dukani, na ufunguo wake ulitegemea vitu vilivyokaa ndani ya chipu ileile. Fundi alikuwa amevifuta kwa mkono wake, na bila nakala havirudi tena.

"Mama, ulipoinunua, ulipewa namba yoyote ndefu?"

"Nilipewa mkoba."

Akapekua barua pepe zote za mama mkwe, hakuona kitu. Akawapigia mafundi wawili anaowaheshimu. Wote wawili walimuuliza jambo moja: "Wewe si una nakala?" Wa pili alicheka, akidhani anataniwa.

Fundi alikata simu. Akaona aibu kukaa na aibu kusimama.

"Mama, ufunguo wa majina yako ulikuwa humu. Nimeufuta mimi."

Mama mkwe akavaa miwani, akaiinamia ile chipu, kitu kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Basi urudishe, mwanangu," alisema kwa upole. "Mimi sina haraka."