Mtaa Uliosema Ndiyo

Byrappa alikuwa mtu wa chama tangu ndevu zake hazijaota sawasawa. Kusoma hakujua. Alitundika bendera, alibeba viti, alimsindikiza mkewe. Mwenye kazi hasa alikuwa huyo mkewe, Akkayamma.

Uchaguzi ukikaribia, Akkayamma alichukua sahani ya shaba, akatia mchele uliopakwa manjano, akazunguka mtaa wote wa ukingoni mwa ziwa Kodigere kama anayealika watu harusini. Mlango kwa mlango. Wenye nyumba walipokea punje zao, na kabla hajaondoka wakampaka manjano mashavuni na unga mwekundu kwenye paji, maana kwa desturi mke wa mtu haondoki hivi hivi. Byrappa alimngoja nje, mwavuli kwapani. Aliyealikwa namna ile alikwenda kupiga kura hata kama ana homa. Nyumba mia mbili na kumi, na hakuna iliyowahi kumrudisha Akkayamma.

Akkayamma alitaka kitu kimoja tu: hati ya kiwanja. Miaka arobaini walikaa pale bila karatasi, wafua nguo, wachimba mitaro na wauza mboga, na siku yoyote serikali ingeweza kuwaambia ondokeni. Chama kiliahidi hati kila uchaguzi. Ilikuwa ya kwanza kusomwa kwenye ilani.

"Nikitangulia mimi," alikuwa akimwambia mumewe, "hiyo karatasi uitundike mbele ya picha yangu. Nami niione."

Alitangulia. Ilikuwa mwezi wa Karthika, homa ya siku tatu. Byrappa alitundika picha, akaivisha asumini, akaacha nafasi ya karatasi ukutani.

Mwezi mmoja baadaye akaja Aparna. Alifanya kazi kwenye ile minara ya vioo ng'ambo ya ziwa. Yeye na wenzake, watu wa kompyuta, waliingia chamani mwaka ule maji ya mvua yalipozamisha magari yao chini ya maghorofa. Waliingia wengi. Walifika kwa saa, hawakudai chakula, hawakugombana. Viongozi wakawapenda. Mikutano, iliyokuwa ikifanywa kwenye kiwanja cha mashine ya kusaga ulezi, ikahamia ukumbi wa maghorofani, na mlangoni kuna mlinzi anayeuliza unamtafuta nani.

"Babu, wewe watu unawajua," Aparna alimwambia. "Nitembeze. Maswali yangu ni matatu tu."

La mwisho lilikuwa hili: mna hakika mtakipigia chama? Akijibiwa ndiyo, aligusa simu na kitone cha kijani kikatokea kwenye ramani. Wanaosita waliwekewa kijivu.

Wa kwanza alikuwa Gowramma, mfua nguo, mikono bado ina povu. Alimtazama binti, akamtazama Byrappa aliyesimama nyuma na mwavuli wake.

"Hilo nalo la kuuliza? Sisi ni watu wa Akkayamma."

Kijani. Nyumba ya pili, kijani. Na nani angesema vingine? Mgeni yuko mlangoni, na mjane wa Akkayamma yuko nyuma yake. Mzee mmoja ambaye miaka kumi alikuwa hatoki nje alisema ndiyo mara mbili, kwa kuhofia kwamba ya kwanza haikusikika.

"Huyu Akkayamma nitamwona lini?" Aparna aliuliza njiani.

"Ametoka," alisema Byrappa.

"Atarudi leo?"

Byrappa akashughulika na kilemba chake.

Walipofika kwake hakumkaribisha ndani, picha ingeonekana. Alimpa mtindi pale pale kizingitini.

"Hapa wapiga kura wangapi, babu?"

"Wawili."

"Na wote ndiyo?"

"Wote."

Jioni Aparna alimwonyesha simu, uso umechanua. "Mtaa wako hauna hata doa, babu." Byrappa alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Karthika. Alimsimulia Akkayamma, pale ukutani.

Ilani ilisomwa ukumbini siku ya Jumapili. Byrappa alikaa kiti cha nyuma. Wakasoma barabara. Wakasoma maji taka. Wakasoma njia ya kutembelea na ya baiskeli, kulizunguka ziwa lote, ukingo uwe wazi. Watu wakapiga makofi. Byrappa akangoja hati. Akadhani safari hii wameziweka mwisho. Kisha viti vikaanza kukunjwa.

Akamfuata Aparna. "Binti, hati zimepita wapi?"

Aparna hakuwa mtu wa kuficha. Akatoa simu, akamsogezea kiti. "Tulikaa tukatazama, babu. Ilani haiwezi kubeba kila kitu. Inabembeleza wanaosita." Akamwonyesha maghorofa, kijivu kitupu, kama jivu la jiko. Kisha mtaa wa ukingoni, kijani kitupu. "Nyinyi mlishasema ndiyo. Nyumba mia mbili na kumi, bila sharti."

"Na tungesema hatujui?"

Aparna aliitazama ramani. "Hati zingekuwa juu kabisa."

Byrappa alitazama vile vitone. Kila kimoja alikitembelea kwa miguu yake.

"Sikujua kama lilikuwa swali," alisema. "Nilidhani ni salamu."

Akainyooshea simu kidole.

"Nibadilishe mimi. Andika, huyu anasita."

Kidole kikagusa. Kitone kimoja kikawa kijivu.

"Na mama Akkayamma? Naye anasita?"

"Yeye hakuwahi kusita." Byrappa akaushika mwavuli kwa mikono yote miwili. "Yeye mfute. Alikufa Karthika."

"Ulisema ametoka."

"Nilishindwa kusema vingine."

Aparna alifuta. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ilani imeshachapishwa.

"Najua, binti," alisema Byrappa.

Kesho yake asubuhi alianza tena mlango wa kwanza. Sahani aliiacha nyumbani. Sahani ile hubebwa na mwanamke.

"Leo mikono mitupu, shemeji?" Gowramma alimtania. "Umetualika au umetusahau?"

"Wale vijana wakirudi, msiwaambie ndiyo."

"Mgeni yuko mlangoni, nimwambie nini?"

"Mwambie unataka karatasi."

Gowramma akakamua shuka, akalitupa begani. "Na wakija kutuvunjia nyumba, njia yao ipite ukingoni?"

Byrappa aligeukia ziwa. Ng'ambo, vioo vya minara vilikuwa vimeshaanza kuwaka jua.

"Akkayamma angejua la kusema," alisema Gowramma.

"Angejua."

Byrappa alitakiwa kwenda mlango wa pili, lakini alibaki amesimama pale nje, mwavuli kwapani, kama miaka yote, akingoja mkewe apakwe manjano waondoke. Gowramma alimwacha. Alianika shuka, akaanika na jingine. Ndipo akamwambia, taratibu:

"Nenda, shemeji. Nyumba bado nyingi."