Mayai ya Chatu Kwenye Kikapu cha Wali

Juzi wifi yangu wa Manyatta alinipakulia wali kutoka kwenye kikapu cha joto, kile kilichojazwa sponji, ambacho unaweka sufuria ikishachemka na wali unaiva wenyewe. Nikamwambia nimeshiba, na njaa ilikuwa inaniuma. Wewe ngoja nikueleze, halafu uniambie kama ungekula.

Nililelewa na nyanya yangu huko Kisian, na jirani yetu alifuga chatu. Alikuwa nao saba kwenye kibanda cha mbao na vioo, wageni na wanafunzi wakija kuwatazama, na alitamani sana wamzalie. Kibanda kile kilinuka mkojo, sungura waliokufa na maji yaliyolala. Kinyesi cha chatu, kama hujakiona, shukuru Mungu. Kina bonge jeupe kama chaki na manyoya ndani yake. Jumamosi nilitumwa nikamsaidie jirani kuosha mabakuli, na nikirudi nilijisugua kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ikawasha, lakini bado samaki wa jioni alininukia chatu. Jirani mwenyewe aliwabusu. Nimeona kwa macho yangu haya.

Nyanya hakuwaonea kinyaa. Kwake ng'ielo, ndivyo alivyomwita chatu, alikuwa mgeni anayekuja na mvua, na mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa yamefika kiunoni tu. Basi stima ilipopotea na mashine ya kutotolea mayai ikapoa, jirani alikuja kwetu mbio na beseni mikononi. Mayai yalikuwa yameshikana bonge moja, meupe, laini, kama ngozi yenye jasho.

"Mama, hii mayai itakufa," alisema. "Miaka sita nimengoja huyu mama yao atage. Hii ndiyo ya kwanza."

"Lete," nyanya akasema. "Ng'ielo hafukuzwi hapa."

Akatoa sufuria ya wali kikapuni, akalilaza bonge lile humo pamoja na chupa za maji moto. Kikapu chetu cha chakula. Alipokwenda jikoni kuchemsha maji mengine, jirani alinishika bega. "Ambia nyanya yako hii si ya kuku. Isigeuzwe. Ukigeuza, mtoto anakufa ndani." Nikaitikia.

Sikumwambia. Sitakudanganya kwamba nilisahau. Nyanya alikuwa bingwa wa kuatamisha kuku, na asubuhi, mchana na jioni aliligeuza bonge lile taratibu kwa viganja viwili, kama anavyogeuza ugali, akiyasemesha mayai. Mimi nilisimama mlangoni nimefunga mdomo. Nilitaka yafe.

Siku ya tatu stima ilirudi, na mayai yakarudishwa kwenye mashine. Baada ya muda yakabonyea, yakaota ukungu, yakavuja maji ya kijani yenye uvundo uliofika hadi jikoni kwetu. Jirani aliyapasua uani mbele yetu. Ndani ya kila yai mlikuwa na mtoto mwembamba kama kamba ya kiatu, amejikunja, macho meusi tayari.

"Mama, mliyageuza?" jirani akauliza.

"Mara tatu kwa siku," nyanya akasema kwa fahari. "Sikuruka hata moja."

Jirani alinitazama mimi. Kisha akamgeukia. "Basi ni stima, Mama. Stima ndiyo imeua."

Hakuatamisha tena. Chatu wake walichukuliwa mmoja mmoja, naye akahamia Awasi. Pale kibanda kiliposimama siku hizi wanaosha magari. Nyanya alikufa bado akiilaani stima, na kikapu chake nilikichoma mwenyewe baada ya matanga.

Wifi aliuliza kama wali una kasoro. Nikasema hauna. Lakini alipofunua kile kifuniko, niliviona viganja vya nyanya vikigeuza kwa upole, na mtoto yule niliyekuwa, pale mlangoni, kimya. Yeye ndiye anayenitia kichefuchefu, kuliko chatu wote saba.